Mkono wa Leurin (9): Bi Eufemia Akataa Barafu

Wiki nzima mmenisumbua. Nani kapiga ukelele? Nani? Mmoja wenu kaniandikia kwamba lazima ni mama wa kijana. Mwingine kaapa kwamba ni mke mdogo wa kocha. Hapana na hapana. Aliyepiga ukelele pale uwanjani ni bibi yake Leurin, Bi Eufemia Mañón, miaka sabini na mmoja, na wakati ninyi mnabahatisha yeye alikuwa keshapenya tundu la fensi ambalo ng'ombe hulitumia kila asubuhi.

"Wewe mzungu! Toa hiyo barafu mkononi mwa mjukuu wangu kabla sijakutoa wewe!"

Kwa waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nawakumbusha mara moja tu, na mwache tabia hiyo. Leurin ana miaka kumi na sita. Anarusha besiboli kwa mkono wa kulia. Siku hiyo alirusha mipira ishirini mbele ya Mista Halvorsen, bosi wa wasaka vipaji wa klabu moja ya Marekani, na kipima kasi kikasoma maili tisini na sita. Halvorsen alitabasamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu hadithi hii ianze. Klabu ina nafasi moja iliyobaki. Dirisha la usajili linafungwa baada ya siku nne. Kwenye orodha wamo wawili: Leurin wa hapa kwetu Bayaguana, na kijana mmoja wa Nizao arushaye kwa kushoto. Kesho asubuhi Leurin arushe tena, safari hii kukiwa na wapigaji wenye magongo mbele yake, na saa tisa alasiri Halvorsen apande ndege na jibu lake.

Sasa, klabu hizi zina desturi yao. Kijana akimaliza kurusha, bega na kiwiko hufungwa barafu. Halvorsen mwenyewe alifungua deli, akajaza barafu kwenye mfuko, akamfunga mtoto wa watu mbele ya umati. Hapo ndipo ukelele ulipotoka.

"Mama Eufemia, tulia," alisema Guelo. Huyu Guelo ndiye kocha aliyemwokota Leurin akiwa na miaka kumi na mitatu, akamlisha, akamfunza, na siku kijana akisajiliwa fungu lake linamsubiri.

"Nitulie? Mkono umetoka kurusha sasa hivi, unachemka, mnaupaka baridi! Mnataka pasmo imwingie?"

Hata wale wanaocheza domino chini ya bati waliacha vipande mezani.

Pasmo haina mzaha. Ni ile baridi inayoukuta mwili una joto, ikaingia, ikakaa. Hapa kwetu mtu akitoka kupiga pasi hafungui friji, awe profesa awe nani. Chichí wa duka la dawa alifungua, mara moja tu, akitafuta maji. Mdomo wake mpaka leo umeelekea upande wa kanisa.

"Anasemaje?" aliuliza Halvorsen.

Swali lilimwangukia Fausto Lebrón, Mdominikana mwenzetu, mfanyakazi wa klabu, anayemwendesha bosi wake kwa gari na kumtafsiria kila kitu. Lebrón alikuna kisogo.

"Anasema barafu si nzuri, bosi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni baridi."

Halvorsen aliitazama ile barafu, akamtazama Lebrón, akaitazama tena barafu.

Bi Eufemia hakungoja kamati. Aliuvuta ule mfuko, akaumwaga majanini, akavua kitambaa chake cha kichwani na kuuzungushia mkono wa mjukuu wake kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Leurin alisimama akiwa amenuna, midomo imemtoka.

"Ilikuwa imeshamgusa?" Guelo aliuliza kwa sauti ya chini. Msimcheke. Guelo huyu akitoka mazoezini hukaa saa mbili nzima akinuka ndipo aoge.

"Imemgusa. Vipande vitatu. Nimeviona kwa macho yangu haya."

"Siku tatu, basi," alisema mzee mmoja wa domino.

"Siku tatu," wakaitikia wenzake.

"Siku tatu," Bi Eufemia akapitisha hukumu. "Haogi, hakanyagi umande, harushi. Kesho hata kijiko cha wali nitamshikia mimi."

Guelo alikaa chini palepale, juu ya kilima cha kurushia. Kesho ndiyo siku yenyewe, na saa tisa mzungu yuko angani. Kama kuna mtu aliwahi kuona miaka mitatu ya jasho ikizikwa na vipande vitatu vya barafu, ni yeye.

*

Dirisha langu linatazamana na jiko la Bi Eufemia. Sina la kuomba radhi. Nyumba ilijengwa hivyo.

Saa saba mchana nikamwona Leurin amekaa kwenye kigoda, mkono wake umefungwa flana nyekundu. Bi Eufemia alikuwa anauchua kwa ile dawa yetu ya majani na ramu, harufu yake ikanifikia mpaka kwangu. Guelo alikuwa anazunguka jikoni na kofia mkononi.

"Mama, nisikilize. Nimemlisha mtoto huyu miaka mitatu."

"Umemlisha mayai, Guelo. Mimi nimemlisha miaka kumi na mitatu kabla yako na sijadai asilimia."

"Kijana wa Nizao hana pasmo! Kesho atarusha! Unaelewa maana yake?"

"Nizao wako karibu na bahari, wamezoea ubaridi."

"Mama Eufemia!"

"Usinipigie kelele, maharage yangu yataungua."

Leurin naye akaingilia. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto kabisa.

"Bibi, niache nirushe kesho. Nakuomba. Mipira kumi tu."

Bi Eufemia aliendelea kuchua. Vidole vyake vilishuka mpaka kwenye kiwiko, upande wa ndani, vikabonyeza kidogo. Leurin akafumba macho. Bibi akaacha kubonyeza na kumtazama usoni kwa muda mrefu.

"Kaa hapo," alisema. "Usiniambie kitu."

Niliona. Sikuelewa. Nanyi mngekuwa dirishani kwangu msingeelewa.

Mara gari likasimama nje. Ni Lebrón, na pembeni yake Halvorsen, mwekundu kwa jua, ameshika mkoba wa ngozi.

"Tumekwisha," alisema Guelo. "Amekuja kuaga."

Mgeni ni mgeni. Bi Eufemia alimweka Halvorsen kwenye kiti cha kubembea, kile kizuri, akamletea kahawa kwenye kikombe kidogo na ukoko wa wali kwenye sahani. Mzungu akabembea. Alikunywa. Alitafuna ukoko, akaongezewa, akatafuna tena. Kisha akazungumza, polepole, akimtazama Guelo na si bibi.

"Anauliza," alitafsiri Lebrón, "ni klabu gani?"

"Klabu gani nini?" alisema Guelo.

Hapa sharti niwaeleze kichwa cha Mista Halvorsen, maana ndicho kilichogeuza mambo. Huyu bwana ana miaka kumi na mmoja katika nchi hii. Ameambiwa shule iliyoungua pamoja na vyeti. Ameambiwa bibi aliyefariki mara tatu, kila mara siku ya majaribio. Alikwisha kuapa kwamba hakuna Mdominikana atakayemdanganya tena. Sasa anaambiwa kwamba mrushaji wa maili tisini na sita hawezi kurusha kesho kwa sababu ameguswa na barafu. Mtu mjinga angeamini. Halvorsen, kwa kuwa ana akili nyingi, aliona papo hapo kwamba kuna klabu nyingine imejificha, inakuja na donge nono, na hawa wanavuta muda.

"Anasema msimfanye mtoto," Lebrón akaendelea. "Siku tatu za nini? Nani anakuja ndani ya siku hizo tatu?"

Guelo alifungua mdomo. Guelo huyu, ambaye tangu azaliwe hajakosa la kusema, alifunga mdomo wake na kutazama dari. Nawaambia, kile kimya kilikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuusema, na hakikumgharimu hata mate.

"Nilijua," alisema Halvorsen.

Akafungua mkoba. Karatasi zikatoka. Kesho isiwepo, alisema. Hahitaji kumwona tena. Anamsajili leo, saa hii, mezani hapa, na kijana wa Nizao apigiwe simu ya pole. Kinachotakiwa ni sahihi ya mlezi halali tu, na mlezi halali kwa karatasi za mahakama ni Bi Eufemia Mañón.

Guelo alipiga magoti, akasimama, akapiga magoti tena. Leurin aliruka kutoka kwenye kigoda akamkumbatia bibi yake kwa mkono mmoja. Mimi mwenyewe dirishani nilijikuta nimeshika kifua. Ng'ombe wa maskini hazai, husema watu, na leo kazaa mapacha!

"Tia sahihi, Bibi!" Leurin alikuwa anacheka na kulia. "Tia hapa!"

Bi Eufemia alishika kalamu. Akaishusha.

"Mwulize," alimwambia Lebrón. "Nikishatia sahihi, anaanza kurusha lini?"

"Jumatatu, Mama. Kwenye chuo cha klabu. Kila siku, kwa ratiba."

"Jumatatu hii?"

"Hii."

Bibi alitikisa kichwa. Alivuta pumzi. Kisha akasema maneno ambayo hakuna mtu pale ndani aliyekuwa tayari kuyasikia.

"Basi mwambie ukweli. Hakuna pasmo hapa. Nimeitunga. Pasmo ipo, msinielewe vibaya, mwulizeni Chichí. Lakini leo haikuwepo. Mtoto huyu kiwiko kinamuuma. Wiki mbili sasa. Nilikuwa nakitafutia siku tatu za kupumzika."

Guelo alitoa sauti ambayo sijui niiandike vipi.

"Bibi, uongo!" alisema Leurin.

"Naijua sehemu hiyo kwa vidole vyangu. Ndipo palipoanzia kwa baba yako."

Wengi wenu hamumjui Radhamés, baba yake Leurin. Naye alirusha. Naye alisajiliwa, akapelekwa, akarudi na mkono wa kulia usioweza kufunga kifungo cha shati. Leo anaendesha lori huko Higüey na hataki kusikia neno besiboli. Bi Eufemia alimchua mwaka mzima.

"Tafsiri," bibi akasema.

Lebrón alisita. Mtu huyu anaishi kwa kamisheni, ana watoto wanne, na mzungu hajui Kihispania zaidi ya kuagizia bia. Angeweza kusema lolote. Kwa heshima ya mama yake mzazi, alitafsiri neno kwa neno.

Halvorsen aliacha kubembea. Alimtazama Bi Eufemia. Halafu, jamani, akaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali.

"Anasema nini?" aliuliza bibi.

"Anasema," Lebrón alijibu huku anatazama viatu vyake, "asubuhi barafu, sasa kiwiko. Anasema katika miaka kumi na mmoja hajakutana na mtu anayejua kupandisha bei kama wewe. Anaongeza."

"Anaongeza nini?"

"Donge, Mama. Anaongeza donge."

Na kweli alikuwa keshaifuta ile tarakimu na kuandika nyingine juu yake. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Hawakusema njia ya mkweli ikoje akishaanza na uongo. Bi Eufemia alisema kweli mara ya pili, na mara ya tatu, na kila alivyosema Halvorsen alizidi kumheshimu kama mfanyabiashara.

"Siumwi," Leurin alisema kwa nguvu. "Kocha, mwambie! Siumwi popote!"

"Haumwi," alisema Guelo haraka.

Bi Eufemia aliwatazama wote wanne mmoja baada ya mwingine, kisha akaketi, mpole kabisa.

"Haya. Nimezeeka, labda nimekosea. Leurin, mjukuu wangu, mgeni kamwaga kahawa yake, tumtengenezee nyingine. Nipe lile kopo la sukari juu ya kabati."

Leurin akanyoosha mkono wa kushoto.

"Kwa wa kulia, baba."

"Si huu umeufunga?"

"Fungua."

Akaifungua flana. Sasa hata Halvorsen alikuwa anatazama, na kutazama mikono ndiyo kazi inayomlisha. Leurin aliuinua mkono. Ukafika kifuani, ukafika kidevuni. Uso wake ulikuwa unatabasamu, jamani, mtoto yule alitabasamu kwa meno yote. Mkono ukafika usawa wa sikio, vidole vikagusa kopo, vikalishika, na kiwiko kikakataa. Kopo likamponyoka. Sukari ikamwagika kabatini, mezani, juu ya mkataba, juu ya magoti ya mzungu.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Halvorsen aliinuka, akajipangusa, akamsogelea kijana. Alikishika kile kiwiko kwa vidole viwili, upande ule ule wa ndani, akabonyeza. Leurin alipiga yowe moja fupi. Machozi yakamtiririka, na hakuyafuta.

"Tangu lini?" Lebrón aliuliza kwa niaba ya bosi.

"Tangu mechi ya Yamasá," alisema Leurin. "Nilikuwa nameza vidonge."

"Nani alikupa vidonge?"

Guelo alikuwa anachunguza kofia yake ndani na nje.

"Umeniua, Bibi," Leurin alisema. "Umeniua kabisa. Ungeninyamazia tu. Ningevumilia!"

"Baba yako naye alivumilia," alisema Bi Eufemia.

Guelo alivaa kofia yake. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha, na mimi pia nilikuwa naanza kufunga dirisha. Lakini Halvorsen hakukusanya karatasi zake. Alizikung'uta sukari tu. Akakaa. Akabembea. Akazungumza kwa utulivu wa fundi baiskeli aliyeona pancha.

"Anasema hakuna shida," Lebrón alitafsiri, naye mwenyewe hakuamini anachokisema.

"Hakuna shida vipi?"

"Kiwiko si shida. Anasema nusu ya warushaji wa klabu yao wamechanwa kiwiko. Wana madaktari wao kule. Wanachukua mshipa mguuni, wanaupachika mkononi. Mwaka mmoja na kitu, kijana anarusha tena. Wengine hurusha kwa kasi zaidi. Anasema kusema kweli afadhali aharibike sasa akiwa mdogo, maana kila mtu huharibika."

Bi Eufemia aliduwaa. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mzungu, kwa mlango kubamizwa, kwa mjukuu wake kumlaani. Hakujiandaa kuambiwa kwamba jambo aliloliogopa miaka yote, hawa wenzetu wameliweka kwenye ratiba.

"Wanatoa mshipa wa mguu, wanautia mkononi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mguu?"

"Anasema mguu hauuhitaji sana."

Halvorsen alikuwa anaandika tayari. Aliifuta ile nyongeza. Hakuirudisha tarakimu ya kwanza, akaweka ndogo kuliko hiyo, maana bidhaa yenye ufa haiuzwi bei ya nzima. Chini akaongeza mstari kwamba mlezi anaruhusu upasuaji. Kisha akaisukuma karatasi mbele.

"Tia sahihi, Bibi," Leurin alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Mwulize kwanza," bibi alimwambia Lebrón. "Wangapi walirudi?"

Halvorsen alizungumza muda mrefu. Alitumia mikono, alitaja asilimia.

"Anasema wengi."

"Sikuuliza kama wengi. Nimeuliza wangapi."

Lebrón akauliza tena. Safari hii jibu lilikuwa fupi.

"Mwaka jana klabu yao ilichana vijana sita. Wawili wanarusha."

"Na wanne?"

"Wanasubiri."

"Wanasubiri wapi?"

Lebrón hakuona haja ya kulitafsiri hilo.

"Radhamés wangu naye anasubiri," alisema Bi Eufemia. "Mwaka wa kumi na tano huu."

Aliinuka kwenda nyuma kuchukua ufagio, maana sukari ilikuwa imeshaita siafu. Nadhani alitaka pia kulia kidogo mahali ambapo hatuoni. Halvorsen akainamia simu yake. Na katika dakika hiyo moja, wasomaji wangu, Leurin aliichukua kalamu. Kwa mkono wa kulia. Akaivuta karatasi, akaandika, herufi kwa herufi, jina la bibi yake.

Guelo aliona. Lebrón aliona. Mimi niliona, na mdomo ninao, na dirisha lilikuwa wazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekohoa.

Halvorsen aliinua kichwa. Akaona karatasi. Akakunja uso.

"Ametia sahihi saa ngapi?" aliuliza.

Hapo Bi Eufemia akatokea mlangoni na ufagio wake. Halvorsen hakumuuliza Lebrón tena. Aliiinua karatasi juu, akaweka kidole kwenye lile jina, akauliza kwa Kihispania chake cha kuagizia bia:

"Mama. Hii, yako?"

Akisema siyo, kijana kaghushi mkataba mbele ya bosi, na jina lake litazifikia klabu zote thelathini kabla ya jua kuzama. Hatarusha popote, kwa mshipa wake wala wa mguu. Akisema ndiyo, wanamchukua Jumatatu na kumchana.

Bi Eufemia alivaa miwani. Aliisogelea karatasi. Ule ulikuwa mwandiko aliomfundisha yeye mwenyewe, mezani hapo hapo, jioni baada ya jioni, mama mtu alipokwisha kwenda zake. Leurin alikuwa anamtazama, jasho linamtoka puani. Bibi akavua miwani.

"Yangu," alisema.

Lebrón alishusha pumzi. Guelo alibusu msalaba wa shingoni, akaanza kulia, na nadhani machozi yalikuwa ya kweli. Halvorsen alimpa kila mtu mkono.

"Sijamaliza," alisema Bi Eufemia. "Mwambie huyo bwana, hakuna mtoto wangu anayechanwa huko mimi nimekaa Bayaguana nachambua maharage. Nakwenda naye. Na nitakaa mpaka mkono upone."

"Mama, mkataba hauna nafasi ya bibi."

"Chini pale pana nafasi kubwa. Aandike."

Lebrón alitafsiri. Halvorsen alimtazama yule bibi, akaitazama karatasi yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakujua kama anadanganywa au la. Akachukua kalamu.

Ndipo Bi Eufemia akamgeukia Leurin. Akamzaba kofi la shavu, kavu, nikalisikia mpaka kwangu. Kisha akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akaukumbatia kifuani.

"Kafungashe," alisema. "Nguo zako na zangu."